Singapuri: Kisiwa cha Lugha Nne na Funzo Lake kwa Ukambani

Aghalabu Singapuri hutajwa nchini Kenya panapozungumzwa uchumi. Makala haya yanaitazama kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, hususan aliyelelewa Kitui au Makueni.

Nchi hiyo ina takriban kilomita za mraba 730, ilhali Kaunti ya Kitui peke yake inazidi 30,000. Hata hivyo, ina wakazi karibu milioni 6: Wachina, Wamalei, Wahindi na wengineo. Jina lake lina asili ya Kisanskriti: singa ni simba, pura ni mji. Mfanano wa singa na simba ni wa sadfa tu, kwani simba ni neno la Kibantu. Walakini, undugu wa kukopa upo. Neno dunia limo katika Kiswahili na Kimalei, kutoka Kiarabu. Nalo neno la Kireno lenye maana ya kanisa lilizaa gereja, yaani kanisa, kwa Wamalei, na kwetu likazaa gereza!

Lugha rasmi ni nne: Kimalei, Kimandarini, Kitamili na Kiingereza. Lugha ya taifa ni Kimalei, ingawa katika sensa ya 2020 Wamalei walikuwa asilimia 13.5 tu. Wimbo wa taifa, uliotungwa na Zubir Said mwaka 1958, huimbwa kwa Kimalei. Hata hivyo, heshima si matumizi: sensa hiyo ilionyesha kuwa asilimia 48.3 ya wakazi wa miaka 5 na zaidi walitumia zaidi Kiingereza nyumbani.

Lililo zito zaidi ni yaliyozipata lugha za nyumbani. Mwaka 1979 serikali ya Lee Kuan Yew ilianzisha kampeni ya kuwahimiza Wachina wazungumze Kimandarini. Kihokkien, Kiteochew na Kikantoni vikaondolewa hatua kwa hatua katika vipindi vya televisheni na redio. Kufikia 2020, ni asilimia 8.7 tu waliotumia zaidi lahaja hizo nyumbani. Taifa lilipata lugha ya pamoja, lakini nyanya wengi na wajukuu wao wakakosa lugha ya kusimuliana hadithi.

Je, sisi? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa, na rasmi pamoja na Kiingereza. Vilevile inaitaka dola ikuze lugha za jamii. Lakini katika shule niliyosomea, aliyenaswa akisema Kikamba alivishwa kibao shingoni. Siku za Kiingereza, hata Kiswahili kilikuwa kosa! Tulijifunza kuionea haya sauti ya mama kabla ya kujua kuandika insha.

Hapana budi sisi wapenzi wa Kiswahili tujihadhari. Kiswahili hakikui kwa kukizika Kikamba. Mtoto amwite nyanyake susu, asikilize ngano zake kwa Kikamba, kisha azisimulie kwa Kiswahili hadi Lamu na Kisumu. Mwacha mila ni mtumwa.