Je, Wajua? Manyoya Yanayofurika Ndoo

Je, wajua kwamba gramu 28 tu za manyoya laini ya kifuani mwa bata bukini, yakiwa ya daraja la 800, hujaza ndoo ya lita 10 na kumwagika? Yanataka nafasi ya lita 13! Basi ukienda kununua mfarishi mwepesi, ule wengi wetu tunaouita duveti, usiulize uzito peke yake. Uliza namba ya daraja. Kadiri inavyopanda, ndivyo manyoya machache yanavyofanya kazi ya mengi.

Na wajua si manyoya yanayokupa joto? Ni hewa iliyonaswa ndani yake. Joto lenyewe ni lako: mtu mzima aliyelala hutoa wati 70 hadi 80 usiku kucha, kama balbu ya zamani iliyosahauliwa ikiwaka.

Shika na hili. Manyoya unayoyalalia hayana faida, kwani yamebanwa na hewa imetoka. Ndiyo maana baadhi ya wapanda milima wameacha mifuko ya kulalia wakachukua mfarishi usio na mgongo kabisa! Unaohimili baridi ya nyuzi sifuri huweza kuwa na gramu 600 hivi. Joto la chini huliachia godoro jepesi la safari.

Utaniambia: Mombasa hii, mfarishi wa nini? Kweli, hata Julai usiku wa kisiwani hushuka hadi nyuzi 20 hivi tu, na leso moja yatosha. Lakini hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Kibanda cha Kibo, mlimani Kilimanjaro, kiko mita 4,720. Haya, piga hesabu mwenyewe! Ndugu yangu, hapo ni chini ya sifuri, na ni mlima wa jirani.

Tena wajua habari za theluji ya mlima huo zilifika Ulaya kupitia hapa kwetu? Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, ng'ambo tu ya kisiwa, aliiona tarehe 11 Mei 1848. Mmoja wa waongoza njia wake aliueleza weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Kuna wasomi wa London waliokataa katakata kuamini kuna theluji karibu na ikweta. Mwongoza njia yule alikuwa na habari sahihi kuliko wao!

Turudi kwenye manyoya. Mwaka 1922, mpanda milima George Finch alipanda Everest akiwa na koti la manyoya ya bata lililoshonwa kwa kitambaa cha puto la angani. Wenzake walivaa sufu na pamba. Finch alipita mita 8,300.

Wajua kilo moja ya manyoya ya bata aitwaye eider huhitaji viota 60 hivi? Jike hujinyonyoa kifuani ili atandikie mayai yake, na watu wa Iceland hukusanya viotani bila kumchinja. Sishangai bei yake kuwa kali.

Sasa geukia usufi, ule wa magodoro na mito ya bibi zetu. Kila uzi wake una uwazi ndani uliojaa hewa, na maji hayapenyi kwa urahisi. Usufi huelea hata ukawahi kujazwa kwenye majaketi ya kuokolea mabaharia! Umelalia kifaa cha baharini miaka yote hiyo, wala hukuambiwa.

Manyoya, kwa upande wake, adui yake ni unyevu. Yakilowa hushikana, na hewa ikitoka joto nalo limekwenda. Kwa hewa yetu hii ya pwani, usiuache mfarishi umebanwa kwenye kifuko chake cha safari: uweke kwenye mfuko mkubwa wa pamba, uuanike mara kwa mara. Ukiufua, utie kwenye mashine ya kukaushia pamoja na mipira miwili mitatu ya tenisi. Hupiga yale madonge mpaka yaachane!

Na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Leso moja ni karibu sentimita 150 kwa 110. Unganisha mbili kwa ule upande mrefu, unapata 150 kwa 220, na mfarishi wa safari wa mtu mmoja huwa kama 140 kwa 200. Yaani pea mbili za leso, mbili juu na mbili chini, ni foronya kamili ya mfarishi wako! Nenda Biashara Street, ambako duka la Kaderdina, lenye chapa ya Mali ya Abdulla, linauza leso tangu 1887. Mafundi wa cherehani wanaopinda leso wako mtaani humo humo.

Mwambie fundi aache upande mmoja wazi na kuutia vifungo, na ndani ya kila pembe ashone utepe wa kufungia mfarishi usiteleze. Vitanzi vya tepe hizo, pamoja na vya mikanda ya kuushika kwenye godoro la safari, avishone kwenye pindo la mfarishi tu. Sindano ikipita katikati, kila tundu litakuwa mlango wa manyoya kutokea.