Nest ferch Rhys, mama wa mahasimu

Vitabu vingi humtaja Nest ferch Rhys kwa uzuri wake, kana kwamba hakuwa na kingine. Nadhani vinamdhulumu. Mwaka 1169 kundi la wapiganaji lilitoka Wales likavuka bahari kwenda kuivamia Ireland, na viongozi wake wengi walikuwa ndugu. Anayetaka kuelewa undugu huo hana budi kuanza na tumbo la mwanamke huyu.

Baba yake, Rhys ap Tewdwr, alikuwa mfalme wa Deheubarth, kusini-magharibi mwa Wales. Wanormani walimuua karibu na Brecon mwaka 1093, na ufalme wake ukasambaratika. Gruffydd, ndugu yake Nest, alikimbiziwa Ireland akiwa bado mtoto. Nest akabaki mikononi mwa washindi. Alimzalia Henry wa Kwanza wa Uingereza mtoto wa kiume, na akaozwa kwa Gerald wa Windsor, mkuu wa ngome ya Pembroke. Gerald alikuwa na silaha lakini hakuwa na asili katika nchi ile. Mke wa damu ya kifalme ndiye aliyempa heshima mbele ya wenyeji.

Mwaka 1109 Owain, mwana wa Cadwgan mtawala wa Powys, aliivamia ngome ya Gerald usiku na kuichoma moto. Huyu naye hakuwa mtu baki: babu yake mzaa baba na babu mzaa mama wa Nest walikuwa ndugu. Masimulizi ya kale ya Wales, Brut y Tywysogyon, yanaeleza kwamba Nest alimzuia mumewe asitokee mlangoni, akampeleka chooni, naye Gerald akatorokea kwenye shimo la choo. Nest ndiye aliyewajibu wavamizi kwamba wanayemtafuta hayumo. Owain akamchukua yeye na watoto. Huko alikopelekwa, Nest alidai watoto warudishwe kwa baba yao, na wakarudishwa. Wapo waliomwita Helena wa Wales kwa ajili ya usiku ule. Mimi ninachokiona hapo ni mama aliyeokoa mume, kisha watoto, huku yeye mwenyewe akiwa mateka. Mwaka 1116, Owain na Gerald wote wakiwa sasa upande wa mfalme, Gerald alilipiza kisasi na Owain akauawa.

Nest alizaa pia na Stephen, mkuu wa ngome ya Cardigan, wakapata mtoto aliyeitwa Robert. Wanawe wakawa wametawanyika kwa baba watatu, na damu ya mama haikuwaepusha na vita dhidi ya Wales yenyewe. Mwaka 1157 yule aliyezaa na mfalme aliuawa kisiwani Anglesey, akipigania Waingereza dhidi ya watu wa Owain mwingine, Owain Gwynedd, mtawala wa kaskazini mwa Wales. Robert alijeruhiwa papo hapo.

Mwaka 1165 Robert alitekwa Cardigan na Rhys, mwana wa Gruffydd. Yaani alifungwa na mtoto wa mjomba wake. Waliomwombea kwa Rhys ni ndugu zake wa mama mmoja, watoto wa Gerald: David, askofu wa St Davids, na Maurice. Kufunguliwa kwake kulifungamana na safari ya Ireland, ambako Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster aliyepinduliwa, alikuwa akitafuta wapiganaji wa kumrudishia kiti chake. Robert alitia nanga Bannow mwaka 1169, na Maurice akamfuata mwaka huohuo. Kutoka kwa Maurice ndiko walikotoka makabaila wa Kildare na Desmond, watu wazito katika siasa za Ireland kwa karne nyingi.

Aliyeiandika vita hiyo kwa kuisifia familia ni Gerald wa Wales, ambaye mama yake, Angharad, alikuwa binti wa Nest. Anaposifu ukoo wake hamwachi nje Robert, ingawa Robert hakuwa na tone la damu ya Gerald wa Windsor. Aliyewafanya kuwa ukoo mmoja ni Nest.