Msoto, Vita na Bei: Uchumi wa Michezo ya Mtandaoni ya Kuigiza Wahusika

Michezo ya mtandaoni ya kuigiza wahusika, ambamo maelfu ya watu hukutana katika ulimwengu wa kubuni na kila mmoja humkuza mhusika wake kwa ujuzi, silaha na mali, inaendeshwa na shughuli mbili. Ya kwanza ni msoto, yaani kazi ya kurudiarudia, kama vile kuua joka la aina ileile mara mamia ili kukusanya ngozi na mifupa. Na ya pili ni mapambano ya mchezaji dhidi ya mchezaji, ambamo anayeshindwa huweza kupoteza alichokisotea. Msoto huzalisha mali, mapambano huiteketeza au kuihamishia mikono mingine, na hapo ndipo bei inapozaliwa.

Bei hizo ziligeuka fedha halisi mapema. Mwaka 2001 mwanauchumi wa Marekani, Edward Castronova, alichunguza mchezo wa EverQuest na kukadiria kwamba saa moja ya kucheza ilizalisha mali yenye thamani ya dola 3.42. Biashara ya kulima dhahabu, yaani kusota kwa ajili ya kuwauzia wachezaji wengine sarafu za mchezo, ilikua hasa China. Ripoti ya infoDev, programu ya Benki ya Dunia, ilieleza mwaka 2011 kwamba huduma za aina hiyo zilizouzwa nje ya mikono ya kampuni za michezo zilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3 mwaka 2009, na sehemu kubwa ilibaki katika nchi zinazoendelea, ilhali katika soko la kahawa la zaidi ya dola bilioni 70, nchi zinazozalisha buni ziliambulia dola bilioni 5.5 tu. Kwa msomaji wa Kilimanjaro, Nyeri au Bugisu, ulinganisho huo hauhitaji maelezo.

Hata hivyo, uhusiano wa vita na soko haukueleweka vizuri hata kwa wenye michezo. Kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, inayomiliki RuneScape, iliondoa mapambano huru katika eneo la Wilderness mwezi Desemba 2007 na muda mfupi baadaye kubana biashara kati ya wachezaji, kwa kuwa walima dhahabu walikuwa wakilipia uanachama kwa kadi za benki zilizoibwa na kukabidhi dhahabu kwa wateja kwa kisingizio cha kuuana. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini dawa iliwaumiza wengi wasio na hatia: mchezo ulipoteza hatari iliyozipa silaha na vyakula vya vitani wanunuzi wa kudumu. Katika kura iliyopigwa kabla ya Wilderness kurejeshwa Februari 2011, zaidi ya kura milioni 1 zilipigwa, na takriban asilimia 91 zilitaka vita virudi.

Uhusiano huo wa vita na soko unaonekana wazi zaidi katika EVE Online, mchezo wa vyombo vya angani uliotengenezwa na CCP ya Iceland, ambako karibu kila chombo huundwa na wachezaji kutokana na madini yaliyochimbwa na wachezaji wenzao, na kinacholipuliwa hakirudi. Januari 2014, baada ya muungano mmoja kukosa kulipa ada ya kumiliki mfumo wa nyota wa B-R5RB, yalizuka mapigano ya takriban saa 21 yaliyoteketeza vyombo 75 vya daraja la Titan, na hasara ikakadiriwa kuzidi dola 300,000. Hasara ya mpiganaji ni soko la mchimbaji. Bila moto huo, maghala yangejaa na msoto wa wachimbaji ungekosa thamani.

Kampuni zilijifunza, na mwaka 2013 Jagex ilianza kuuza hati ambayo mwenye fedha huinunua kutoka kwa kampuni na kumuuzia mwenye dhahabu, naye huitumia kulipia uanachama. Kwa njia hiyo kampuni ikawa dalali wa soko ililokuwa ikilipiga vita.

Asiyenufaika na mpango huo ni yule anayehitaji fedha mkononi. Bolivari, sarafu ya Venezuela, ilipoporomoka, vijana wengi wa nchi hiyo waliingia Old School RuneScape, toleo mojawapo la RuneScape, kuua majoka ya kijani ya Wilderness na kuuza dhahabu kwa dola, huku wakiwindwa na wachezaji wengine, baadhi yao kwa sababu tu ya uraia wao. Kuwaita walaghai ni kukosa haki, maana walifanya kazi halisi, yenye saa nyingi na hatari, iliyonunuliwa na watu wenye kipato kikubwa kuliko wao. Lakini hawakuwa na mkataba wala mahali pa kukata rufaa: kanuni za Jagex zinakataza kuuza dhahabu kwa fedha halisi, na akaunti inayobainika kufanya hivyo huweza kufungwa bila fidia, pamoja na kila kilichosotewa ndani yake.