Kijana wa Vibarua Aliyepokewa Kama Mjukuu wa Kaiser

Anayejipachika ukoo asiokuwa nao kwa kawaida huhesabiwa kuwa ndiye mwenye udanganyifu wote, lakini kisa cha Harry Domela, kilichotokea Ujerumani mwaka 1926, kinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uongo huo hutungwa na wale wanaodanganywa.

Domela alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Kurland, eneo ambalo leo limo nchini Latvia, katika jamii ya Wajerumani walioishi huko. Akiwa bado mvulana aliingia Freikorps, yaani vikosi vya kujitolea vilivyopigana baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mapigano yalipokwisha akajikuta Ujerumani bila uraia wala ajira, akiishi kwa vibarua na wakati mwingine kulala njaa.

Kilichomfungulia milango ni majina. Mjini Heidelberg alijitambulisha kuwa Mwanamfalme Lieven wa Latvia, akakaribishwa mezani na Saxo-Borussia, chama cha wanafunzi wa koo za kimwinyi. Alipofika Erfurt alijiandikisha hotelini kwa cheo cha chini zaidi, Baron Korff, lakini watu wa hoteli wakaanza kunong'onezana kwamba mgeni huyo ni Mwanamfalme Wilhelm, mjukuu wa Kaiser Wilhelm II, yule ambaye serikali yake iliitawala Tanganyika hadi wakati wa vita hiyo. Kila alipokana walizidi kusadiki, kwa kuwa waliona kwamba mwanamfalme anayesafiri kwa siri hawezi kujibu vinginevyo, na hatimaye akaacha kukana. Wakubwa wa miji ya Thuringia na maofisa wa jeshi wakamnyenyekea, ingawa Ujerumani ilikuwa jamhuri tangu 1918, Kaiser mwenyewe alikuwa uhamishoni Uholanzi, na katiba ya 1919 ilikwisha kufuta haki za pekee za wenye vyeo vya kuzaliwa navyo. Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki: watumishi hao walikula mshahara wa jamhuri huku mioyo yao ikiwa bado kwa mfalme, na kijana mwenye njaa akawapa mtu wa kumpigia magoti.

Siri ilipofichuka alikimbia, akakamatwa Januari 1927 akiwa njiani kwenda kujiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, ambalo huandikisha askari kutoka mataifa mengine. Mahakama ya Cologne ilimhukumu kifungo cha miezi 7, muda ambao alikuwa amekwisha kuutumikia rumande, na kitabu alichoandika kuhusu mkasa wake kikauzwa kwa wingi mwaka huohuo. Wasomaji waliwacheka waheshimiwa walioinama kuliko walivyomlaumu yeye, na walikuwa na haki, kwani aliyekula chakula cha watu kwa njaa hawezi kulinganishwa na aliyemwandalia karamu kwa kuthamini damu pekee.

Baadaye alikwenda Hispania kuitetea jamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akavuka bahari hadi Venezuela, ambako alifundisha kwa jina jingine lisilo lake, safari hii bila cheo chochote, hadi alipofariki mwaka 1979.