Vitabu Vinavyoitika Rejista

Mwisho wa muhula uliopita, sisi wasaidizi wa maktaba hapa Bwesumbu tulihesabu vitabu vyote kwa siku tatu. Mmoja alisoma namba iliyopigwa muhuri, mwingine akaitafuta katika daftari. Kitabu kimoja cha Biolojia hakikuonekana, na mwenzetu aliyekiazima akaambiwa alipe. Aliapa kwamba alikirudisha. Siku ya nne kikaonekana kimelala nyuma ya atlasi!

Tangu hapo nimejifunza jinsi maktaba kubwa zinavyoepuka aibu kama ile. Ndani ya jalada la kila kitabu hubandikwa karatasi ndogo yenye chipu na waya mwembamba uliozungushwa. Haina betri. Wenzangu wa Fizikia watakumbuka kwamba mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha ya kuwa sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya. Ndivyo ilivyo hapa. Chombo cha kusomea hutoa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56, waya hupata umeme kidogo, chipu huamka na kutaja namba yake. Vikiwapo vitabu vingi, huitika kwa zamu, kama sisi tunapoitwa rejista asubuhi. Basi msimamizi hupitisha chombo mbele ya rafu bila kutoa hata kitabu kimoja, na kilichopotea njia hujulikana mara moja. Mlangoni pia kuna nguzo zinazopiga kengele kitabu kisichoandikishwa kikitoka.

Maktaba za Singapore zilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia njia hii, tangu mwaka 1998. Wala si jambo geni kabisa kwetu: pasipoti mpya za Uganda, zilizoanza kutolewa Desemba 2018, zina chipu inayosomwa kwa mawimbi hayo hayo.

Lakini tusidanganyike. Chipu husikika karibu tu, si zaidi ya mita moja hivi. Rafu za chuma huyasumbua mawimbi. Tena mwizi aweza kuibandua karatasi. Na gharama si karatasi peke yake. Kuna vyombo, kompyuta na umeme usiokatika.

Kwa hiyo siombi shule inunue mashine kesho. Naomba tufuate akili iliyo ndani yake: kila kitabu kiwe na namba moja na mahali pamoja, kihesabiwe mara kwa mara, na mtu asihukumiwe kabla rafu zote hazijatazamwa. Nanyi ndugu zetu mliomaliza shule, tazameni masanduku yenu nyumbani. Kama mna kitabu chenye muhuri wetu, kirudisheni. Hakina chipu ya kuitika. Chawategemea ninyi mkiitikie. Mali bila daftari hupotea bila habari.