Kabla Uweke Doh Kwa Forex Ukiwa Isiolo, Soma Hii (Na Upate Dezati ya Stroberi ya Kuuza Wikendi)

Kama una simu na unaishi Isiolo, kuanzia Bulapesa hadi Kulamawe, kuna msee amewahi kukuonyesha skrinshoti ya faida ya forex. Namba ni za kijani, tarehe imekatwa, na chini ameandika "inbox nikushow form." Skrinshoti ya ile siku akaunti yake ilichomeka hujaiona, na hatakutumia. So leo tuanze na hiyo siku, faida itakuja baadaye. Na juu mtaji lazima utoke mahali, huko chini nimekuwekea dezati ya stroberi unaeza tengeneza na uuze.

Forex ni kubadilisha pesa ya nchi moja na ya nchi ingine ukitegemea bei isonge upande wako. Basi. Watu wa huku wanaijua kitambo hata kama hawaiiti hivyo. Hii barabara inayokata tao inaenda hadi Moyale, na ukifika Moyale mfanyabiashara anahesabu shilingi na birr kwa meza moja. Julai 29, 2024 benki kuu ya Ethiopia iliachilia birr itafute bei yake sokoni. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57. Ndani ya wiki chache ikapita 100. Mtu aliyekuwa ameficha birr chini ya godoro hakuguswa na mwizi, lakini ukipima kwa dola, karibu nusu ya doh yake ilikuwa imeenda.

Shilingi yetu nayo ilicheza upande ule mwingine. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160, na kila mtu alikuwa ameapa inaenda 200. Februari serikali ikauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili ipunguze deni la Eurobond lililokuwa linaiva Juni. Hofu ikashuka, na mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 131. Aliyenunua dola kwa 160 akauza kwa 131 alipoteza karibu asilimia 18. Na hapo alikuwa anatumia pesa yake mwenyewe, hajakopa ya mtu.

Kwa app ya forex, unakopa. Hiyo ndio sehemu ile skrinshoti haikuonyeshi.

Hilo deni linaitwa levareji. Kanuni za Kenya za 2017 zinaruhusu broka akupe hadi 1:400. Maana yake, ukiweka dola 50 unaeza shika biashara ya dola 20,000. Inasikika tamu, ama? Sasa piga hesabu. Asilimia 0.25 ya dola 20,000 ni dola 50. Kwa hivyo bei ikisonga robo ya asilimia moja tu dhidi yako, umemaliza. Na yuro dhidi ya dola inaeza songa hivyo kabla chai yako ipoe. Hakuna aliyekuibia hapo, wewe mwenyewe ulibeba mzigo wa lori kwa bodaboda. Ulaya waliona hii maneno wakashtuka: mwaka wa 2018 mamlaka yao ya masoko, ESMA, ilisema kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida kwa hii aina ya biashara hupoteza pesa, ikashusha levareji ya sarafu kubwa hadi 1:30. Kwetu mlango bado uko wazi, so breki ni zako mwenyewe.

Breki zinakaa hivi. Bei za sarafu zinahesabiwa kwa pipu, ambayo mara nyingi ni ile tarakimu ya nne baada ya nukta. Ukifungua loti ndogo kabisa kwa app nyingi, 0.01, kila pipu ya yuro na dola ni senti 10 za Marekani. Sasa jiwekee sheria kwamba biashara moja ikienda vibaya isikule zaidi ya asilimia 1 ya akaunti yako. Ukiwa na dola 200, hiyo ni dola 2, yaani pipu 20. Kabla ubonyeze kununua, jaza ile sehemu imeandikwa Stop Loss, umbali wa pipu 20, alafu uiache. Usiisongeze mbali juu unaskia "itarudi." Kwa siku yenye soko limeruka sana inaeza fungwa kwa bei mbaya kidogo kuliko ile uliweka, lakini bila hiyo unaendesha gari la mizigo kwa mteremko bila breki.

Uko na dola 50? Asilimia 1 ni senti 50, yaani pipu 5, na hapo spredi peke yake, ile tofauti ya bei ya kununua na kuuza anayokula broka, inakumega kabla soko lisonge. Ukweli mchungu ni kwamba akaunti ndogo sana haiwezi kuchezwa kwa uangalifu. Baki kwa demo. Demo ni bure, bei ni zile zile, na miezi mitatu ya demo ukiandika kila biashara kwa daftari (kwa nini niliingia, nilitoka wapi, nilipoteza ngapi) itakufunza kuliko grupu yoyote ya Telegram.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ukae mbali kama bado unajifunza. Mara nyingi ndio Marekani hutoa takwimu za ajira, saa tisa na nusu alasiri ama saa kumi na nusu kulingana na msimu wao, na bei huruka kama mbuzi ameona fisi.

Broka naye, hakikisha ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha iko kwa tovuti yao, kuangalia ni dakika mbili. Angalia jina la kampuni lenyewe, si logo, juu matapeli wanapenda majina yanayofanana. Na yule anakuambia "nitumie thao tano nikutradie, Ijumaa unapata kumi na tano"? Kusimamia pesa za watu pia kunahitaji leseni. Mwulize yake. Uone vile atakublock.

Kitu ingine ya huku kwetu: ukiacha biashara wazi usiku, unalipa ama unalipwa riba, kwa app inaitwa swap. Kwa Muislamu hiyo si kitu ndogo. Mabroka wengi wana akaunti zisizo na swap, lakini soma ada zingine walizoweka badala yake, na umwulize sheikh unayemwamini, juu wanazuoni wenyewe hawakubaliani kuhusu hii biashara yote.

Sasa mtaji. Usitoe kwa fee ya shule, usikope kwa app, na mbuzi ya mathe usiiguse. Tafuta biashara ambayo hasara yake unaijua kabla uanze. Stroberi kwa kikombe ni moja. Zikiharibika zote, umepoteza bei ya stroberi, hakuna broka wa kukudai zaidi.

Kwa vikombe sita: stroberi nusu kilo, yoghurt ya ng'ombe lita moja, biskuti gramu 200, siagi vijiko viwili, sukari vijiko vitatu, ndimu nusu. Stroberi zinapenda baridi, so kwetu zinashuka kutoka huko juu milimani. Nunua asubuhi na uchague zile ngumu, nyekundu hadi shingoni. Usiku kabla, mwaga yoghurt kwa kitambaa safi juu ya sufuria, iweke kwa friji ichuje maji hadi ibaki nzito kama krimu. Hapo ndio siri iko. Yoghurt ya ngamia ni tamu, lakini hubaki nyepesi, matabaka yatachanganyika, so hiyo kunywa tu.

Ponda biskuti, changanya na siagi iliyoyeyuka. Kata stroberi, nyunyiza sukari na ndimu, ngoja dakika 20 zitoe maji yake. Kwa kikombe cha plastiki kinachoonyesha, anza na biskuti, shindilia na kijiko, alafu yoghurt, alafu stroberi, rudia mara moja. Friji masaa mawili. Jua la Isiolo halina huruma, so beba kwa boksi lenye barafu na utoe kikombe mteja akishalipa.

Bei yako ni gharama yote, pamoja na kikombe, kijiko na barafu, gawa kwa sita, ongeza faida. Siku ya kwanza tengeneza hivyo sita tu. Na stroberi zikianza kulainika usizifiche chini ya yoghurt, saga juisi uuze siku hiyo hiyo.