Michael Werikhe: Mfanyakazi wa Mombasa Aliyetembea kwa Ajili ya Vifaru

Kujitolea, kwa maana ya mtu kutoa muda na nguvu zake kwa manufaa ya umma bila kutarajia malipo, aghalabu huhusishwa na kazi zinazofanyika karibu na nyumbani, kama kuchimba msingi wa zahanati au kukarabati madarasa ya shule ya mtaani. Maisha ya Michael Werikhe, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufariki mwaka 1999, yanaupanua uelewa huo. Hakuwa mtaalamu wa wanyamapori aliyesomea fani hiyo chuoni. Alikuwa mwajiriwa wa kawaida mjini Mombasa na baba wa mabinti wawili, ambaye aliona kwamba kutoweka kwa kifaru mweusi ni jambo linalomhusu yeye na majirani zake, si serikali na wageni peke yao.

Hali aliyoikuta ilikuwa mbaya mno. Mwaka 1970 bara la Afrika lilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 65,000, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Nchini Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 walipungua hadi chini ya 400 katika muda usiozidi miaka 20. Chanzo kikuu kilikuwa ujangili, yaani uwindaji haramu, uliochochewa na bei ya pembe. Pembe ya kifaru imeumbwa kwa keratini, dutu ileile inayounda kucha na nywele za binadamu, lakini katika Asia ya Mashariki ilisagwa na kutumiwa kama dawa ya jadi, na nchini Yemen ilichongwa kuwa mipini ya majambia, ambayo wanaume wengi zaidi walimudu kuinunua baada ya kupata ajira katika nchi jirani zenye mafuta. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ya pembe ikazuiwa kwa mkataba, ila amri hizo hazikuwazuia majangili.

Werikhe aliliona tatizo hili kwa macho yake kabla ya kulisemea. Akiwa kijana aliajiriwa katika ghala la serikali mjini Mombasa lililohifadhi nyara, neno ambalo katika sheria za wanyamapori hutaja sehemu za mnyama aliyekufa au kuuawa, kama vile pembe, meno na ngozi, na kazi yake ilikuwa kuzichambua na kuzipima uzani. Mtu anayeshika pembe moja baada ya nyingine na kuandika kilo zake hahitaji kuelezwa kwamba kila pembe ni mnyama aliyekwisha kufa. Kazi hiyo ilimchukiza, akaiacha, na baadaye akaajiriwa katika kiwanda cha kuunganisha magari papo hapo Mombasa.

Mwishoni mwa mwaka 1982 alianza safari ya miguu kutoka Mombasa kwenda Nairobi, umbali wa kilomita zinazokaribia 500, akiwa amembeba chatu wake wa kufugwa. Barabara hiyo, iliyojaa malori yanayotoka bandarini, hupanda kutoka ukanda wa pwani hadi Voi na Mtito Andei, na kwa sehemu fulani hupita katikati ya hifadhi mbili za Tsavo, ambako vifaru waliohesabika kwa maelfu katika miaka ya 1960 walikuwa karibu kumalizwa. Chatu alikuwa na kazi yake, kwa kuwa watu waliokusanyika kumshangaa nyoka walibaki kumsikiliza mwenyewe akieleza habari za kifaru. Hapa ndipo ulipo upekee wa mchango wake, kwani wakati ambapo uhifadhi ulijadiliwa zaidi katika semina na ripoti za wataalamu, yeye aliupeleka kandokando ya barabara, kwa wachuuzi, madereva na wanafunzi, watu ambao kwa nadra sana waliombwa maoni yao kuhusu wanyama wa nchi yao.

Mwaka 1985 alitembea tena katika Uganda, Kenya na Tanzania, mwaka 1988 akaenda Ulaya na mwaka 1991 Amerika ya Kaskazini, akichangisha fedha za kuwalinda vifaru waliosalia. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, mojawapo ya tuzo zinazoheshimiwa zaidi kwa watetezi wa mazingira wanaotoka miongoni mwa raia wa kawaida. Heshima hiyo haikumwondoa Mombasa, na ni haki kukumbuka kwamba kila safari ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu za michango, yaani wiki na miezi aliyokuwa mbali na nyumbani kwake.

Agosti 1999 alishambuliwa na wahalifu mjini Mombasa, akafariki akiwa na umri wa miaka 43. Wakati huo Kenya ilikuwa imewakusanya vifaru wake katika maeneo maalumu yenye uzio na ulinzi wa saa zote, kama vile Ngulia iliyoko Tsavo Magharibi na lile la Ziwa Nakuru, na ni kutokana na ulinzi wa namna hiyo kwamba sensa ya mwaka 2021 ilihesabu vifaru weusi 897 nchini.